Zebaki na Jiwe Inamotoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha kemia katika sekondari hapa Malindi, na maswali ya zebaki hayaishi. Wanafunzi huuliza kwa sababu ya mtihani, wazazi kwa sababu kipimajoto kimevunjika chumbani, mafundi cherehani kwa sababu kuna mtu kawapigia simu, wavuvi kwa sababu wamesikia samaki wana sumu. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara, ya Malindi na ya jamaa zetu wa Lamu. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, nami nalirudia kwa makusudi: kuitoa zebaki kwenye jiwe ni rahisi kuliko karibu metali zote. Kazi ni kuuzuia mvuke wake usimfikie mtu, na watu wamekufa kwa karne nyingi kwa kuidharau kazi hiyo.

Zebaki hupatikana wapi kwa asili?

Ardhini, ndani ya jiwe jekundu liitwalo sinabari. Jiwe hilo ni muungano wa zebaki na salfa, alama yake HgS. Hutokea mahali ambapo maji ya moto kutoka chini yalipita kwenye nyufa za miamba, aghalabu karibu na volkano za zamani au chemchemi za moto. Katika migodi michache, kama Almadén huko Uhispania na Idrija huko Slovenia, wachimbaji waliikuta pia ikiwa imejitenga yenyewe, matone yanayong'aa juu ya mwamba. Hayo ni machache. Sehemu kubwa ya zebaki yote iliyowahi kutumiwa na binadamu imetolewa kwenye sinabari kwa moto.

Ni metali, kama chuma na shaba, ila haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 39 chini ya sifuri. Huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na hiyo nambari ya pili ndiyo ya kushika, kwa sababu uchimbaji wake wote unaitegemea. Uzito wake ni gramu 13.5 kwa kila mililita moja, kwa hivyo msumari wa chuma ukiutia ndani ya zebaki unaelea.

Mwalimu, nimeokota jiwe jekundu Marafa. Ni sinabari?

Si sinabari. Swali hili naletewa pamoja na mawe yenyewe, hasa baada ya safari za shule. Wekundu wa korongo la Marafa, karibu na Malindi, ni wa oksaidi ya chuma, kutu kwa maneno mengine, iliyoshikana na mchanga. Ukilisugua jiwe hilo mkononi linamomonyoka na kurudi kuwa mchanga mwekundu.

Sinabari ina tabia tatu zisizofichika. Ni nzito mno: jiwe lake safi lina uzito wa mara nane ya maji ya ujazo huohuo, wakati mchanga ulioshikana haufiki hata mara tatu. Ni laini, ukucha unakaribia kuikwaruza. Na ukiiburuza kwenye mgongo wa kigae, ule upande usiong'arishwa, inaacha mstari mwekundu wa kuiva. Oksaidi ya chuma huacha mstari wa kahawia uliochanganyika na wekundu. Vipimo hivyo vinatosha. Usilitie jiwe lolote motoni ili kuona kama litatoa matone. Kama si sinabari umepoteza kuni. Na kama ni sinabari, umejitilia sumu kwenye mapafu.

Basi zebaki hutolewaje kwenye jiwe?

Mawe huchimbwa, huvunjwavunjwa, na yasiyo na kitu huchambuliwa yakatupwa. Yaliyobaki huingizwa kwenye tanuri lenye hewa ya kutosha na kupashwa moto wa nyuzi 600 hadi 700 hivi. Matanuri ya viwandani ya karne ya 20 yalikuwa mapipa marefu ya chuma yaliyolazwa kwa mteremko mdogo na kuzungushwa polepole. Jiwe liliingia juu likatokea chini likiwa limeishiwa. Katika moto huo salfa huachana na zebaki, hushikana na oksijeni ya hewani na kuwa salfa dayoksaidi, gesi inayochoma pua na kukohoza. Zebaki nayo, kwa kuwa moto umeshapita nyuzi 357 kwa mbali, haiwezi kubaki tanurini. Hutoka ikiwa mvuke pamoja na moshi. Mwanafunzi wa kidato cha nne huyaandika yote hayo kwa mstari mmoja:

HgS + O₂ → Hg + SO₂

Mstari huo ukimalizika, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Umechanganyika na vumbi, mvuke wa maji na ile gesi ya salfa, na wote unataka kutoka kwa bomba la moshi. Kwanza hupitishwa kwenye chumba cha kunasa vumbi, nacho lazima kikae na moto, maana kikipoa zebaki itaangukia vumbini. Kisha huingia kwenye mabomba marefu yaliyosimamishwa na kupindwa mfano wa herufi U, yakipozwa kwa maji au kwa hewa. Humo ndimo unamokenekwa: mvuke hupoa, matone huteremka kwenye kuta za bomba na kudondokea katika birika la maji chini. Maji hayo yana kazi yake. Yanaifunika zebaki isipae tena.

Sehemu ya zebaki hugoma kuwa matone makubwa. Hubaki imetawanyika ndani ya masizi meusi, chembe ndogo mno kila moja ikiwa imevishwa vumbi. Masizi hayo hukorogwa pamoja na chokaa mpaka chembe zigusane, ziungane na kutiririka. Katika vitengo vyote vya kiwanda, mimi nisingependa mtu wangu apangiwe hicho, kwa sababu mfanyakazi huinamia zebaki iliyo wazi kwa saa nyingi. Kwenye migodi ya zamani kazi hiyo ilifanywa kwa reki za mkono.

Mwisho zebaki huchujwa kwenye ngozi laini au kitambaa kizito, na ikihitajika safi zaidi hukenekwa tena. Hufungwa katika mitungi ya chuma, kwa sababu chuma hakiyeyuki ndani yake kama zinavyoyeyuka dhahabu, fedha, bati na risasi. Mtungi mmoja wa kibiashara hubeba kilo 34.5. Kwa macho ni kiasi cha lita mbili na nusu tu, lakini jaribu kuunyanyua.

Kwa nini haihitaji makaa ya kuondoa oksijeni, kama chuma au zinki?

Swali zuri la mtihani. Jiwe la zinki lenye salfa ukilichoma, salfa inatoka lakini zinki inabaki imeshikwa na oksijeni. Unalazimika kuleta kaboni iipokonye. Zebaki iko chini kabisa kwenye mfululizo wa utendanaji, yaani orodha ya metali kwa wepesi wake wa kuungana na vitu vingine, jirani na fedha na dhahabu, na mshiko wake na oksijeni ni dhaifu. Oksaidi yake huvunjika yenyewe kwenye joto la nyuzi 500 hivi. Tanuri likiwa kwenye nyuzi 600 oksaidi hiyo haina nafasi ya kukaa, na metali hutoka moja kwa moja. Ndiyo maana watu wa kale, wasiokuwa na tanuri la kuyeyushia chuma, waliweza kuipata zebaki.

Nimesoma kuwa chokaa hutumika. Ni chokaa hii yetu?

Kikemia ni hiyohiyo. Ile chokaa iliyojenga Mji wa Kale wa Lamu, matumbawe yaliyochomwa juu ya magogo, ikitoka motoni kabla haijatiwa maji ni oksaidi ya kalsiamu. Ukiichanganya na sinabari ndani ya chombo kilichofungwa kisichoingia hewa na kuitia moto, chokaa inaishika salfa:

4HgS + 4CaO → 4Hg + 3CaS + CaSO₄

Faida yake ni kwamba gesi ya salfa haitoki, na mvuke unaobaki ni wa zebaki karibu mtupu, kwa hivyo hupoa vizuri zaidi. Vumbi la chuma hufanya kazi kama hiyo, salfa ikahamia kwenye chuma. Njia hizi zilifaa mawe yenye zebaki nyingi na kazi za kiasi kidogo. Kwa maelfu ya tani za mawe hafifu, tanuri la hewa lilikuwa nafuu.

Kilo moja ya sinabari hutoa zebaki kiasi gani?

Jiwe likiwa safi kabisa, asilimia 86.2 ya uzito wake ni zebaki. Kilo moja ingetoa gramu 862, ambazo ni mililita 64 hivi: kikombe kimoja cha kahawa ya barazani, kwisha. Pamoja nayo zingetoka gramu 275 za salfa dayoksaidi.

Lakini mgodini hakuna kilo safi. Jiwe lenye asilimia moja lilihesabiwa kuwa la kuchimbika, na tani nzima ya jiwe hilo ina kilo kumi tu za zebaki. Almadén ilipata umaarufu kwa sababu mawe yake yalizidi kiwango hicho mara kadhaa.

Watu wa zamani walifanyaje?

Theophrastus, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika juu ya kusaga sinabari na siki ndani ya chombo cha shaba kwa mchi wa shaba. Shaba huivuta salfa na zebaki ikaachiliwa bila moto. Warumi waliiweka sinabari kwenye sahani ya chuma ndani ya chungu, wakafunika, wakakoka makaa chini, kisha wakakwangua kilichoganda kwenye mfuniko. Huko Ulaya ya karne ya 16 walitumia vyungu viwili mdomo kwa mdomo, cha juu kina jiwe, cha chini kimefukiwa ardhini, mwanya umezibwa kwa udongo, na moto umewashwa kuzunguka juu. Zebaki ikashuka yenyewe kwenye chungu cha baridi.

Mageuzi makubwa yalitoka Huancavelica, milimani Peru, ambako Wahispania walianza kuchimba miaka ya 1560. Katika miaka ya 1630 Lope Saavedra Barba alilijengea tanuri mkia mrefu wa mirija ya udongo, kila mmoja umeingia kwenye mwenzake, mvuke ukasafiri na kupoa njiani. Mwaka 1646 mtindo huo ulifikishwa Almadén na kutumika kwa karne kadhaa. Viungo vya mirija hiyo vilizibwa kwa udongo, na udongo hupasuka kwa moto. Kila ufa ulikuwa mlango wa mvuke kumwendea mtu. Huancavelica waliingizwa wenyeji wa Andes kwa shuruti. Almadén walipelekwa wafungwa na watumwa, wakiwemo Waislamu wa Afrika Kaskazini. Walitetemeka mikono, wakang'oka meno, wakafa. Kila ninapofundisha somo hili nawataja, maana vitabu vingi hutaja tani zilizotoka na kuwasahau waliozitoa.

Haja yote hiyo ilikuwa metali ya fedha. Katika miaka ya 1550 Bartolomé de Medina, huko Pachuca, Mexico, alionyesha jinsi zebaki inavyoweza kuinasa fedha kutoka kwenye mawe hafifu, na tangu hapo migodi ya fedha ya Amerika ikawa haiendi bila zebaki.

Je, pwani yetu iliwahi kuijua biashara hii?

Ilipita mbele ya macho yetu. Misafara ya Wareno iliyotia nanga Malindi ikielekea India, ukiwemo wa Pedro Álvares Cabral mwaka 1500, ilibeba shaba, marijani, zebaki na rangi nyekundu ya sinabari kwenda kuuza Calicut. Wahindi waliitaka kwa dawa, kwa rangi na kwa kazi ya usonara.

Kuna kitu kingine kilichosafiri kwa majahazi kwa jina la sinabari, nacho si jiwe: ni utomvu mwekundu wa mti wa Sokotra. Ukikuta maandiko ya kale yanasema sinabari ilidondoka mitini, huo ndio unaosemwa, na hauna zebaki.

Migodi bado inafanya kazi?

Ile mikubwa ya Ulaya imefungwa: Idrija katika miaka ya 1990, Almadén mwanzoni mwa miaka ya 2000. Yote miwili iliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2012, na leo watalii hushuka walikoshuka wachimbaji. Inakadiriwa kuwa karibu theluthi ya zebaki yote iliyowahi kuzalishwa duniani ilitoka Almadén peke yake.

Sheria ya dunia ni Mkataba wa Minamata. Uamuzi wa kuanza kuujadili ulipitishwa hapahapa Kenya, kwenye kikao cha Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Nairobi, Februari 2009. Mkataba wenyewe ulipitishwa Oktoba 2013 huko Japani na kuanza nguvu tarehe 16 Agosti 2017. Nchi mwanachama hairuhusiwi kufungua mgodi mpya wa zebaki, na mgodi uliokuwepo unapewa miaka 15 tu. Uchina, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilikuwemo tangu siku ya kwanza, kwa hivyo muda wake unaishia 2032.

Naweza kujaribu shuleni au nyumbani, kwa kiasi kidogo tu?

Hapana. Wala usimruhusu mwanao, hata kama kaona video.

Nieleze sababu kwa hesabu, kwa kuwa "ni hatari" peke yake haimzuii kijana mwenye hamu. Viwango vingi vya afya kazini vinataka hewa ya kiwandani isizidi miligramu 0.025 ya zebaki kwa kila mita moja ya ujazo. Sasa, zebaki iliyokaa tu mezani, bila moto wowote, kwenye nyuzi 20 inaweza kuijaza hewa iliyofungika kwa miligramu 13 hivi kwa kila mita ya ujazo. Kwenye nyuzi 30, ambalo ni joto letu la kawaida Malindi, kiasi hicho huzidi mara mbili, karibu miligramu 30. Ni zaidi ya mara elfu moja ya kikomo, na bado hujawasha jiko.

Ukishawasha, chungu cha nyumbani hakina chumba cha vumbi wala bomba la kupoza. Unavuta mvuke usionuka. Mapafu hunyonya karibu asilimia 80 ya mvuke wanaovuta, damu inaupeleka kwenye ubongo na figo. Kiasi kikubwa kwa mara moja huunguza mapafu: mtu huanza kukohoa na kupata homa akidhani ni mafua, na siku ya pili au ya tatu hawezi kupumua. Kiasi kidogo cha kila siku huja taratibu: mikono kutetemeka, fizi kutoka damu, hasira zisizo na sababu, kusahau. Mtoto na mimba ndio wanaoumia zaidi.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba zebaki ya majimaji iliyomezwa huwa na madhara madogo kuliko iliyovutwa, kwa kuwa tumbo hunyonya kiasi kidogo mno. Ndivyo ilivyo, na bado aliyeimeza apelekwe hospitali. Nalitaja ili ieleweke kuwa adui ni hewa.

Shuleni nafundisha somo hili kwa picha na kwa hesabu. Nimewahi kuona tone la milimita mbili, lililotoka kwenye kipimajoto cha maabara, likigusa pete ya dhahabu ya msichana aliyekuwa akisaidia kusafisha. Kabla hajamaliza kuniita, ukingo wa pete ulikuwa umeshakuwa mweupe, na weupe ule haukutoka kwa kusugua. Siku hiyo darasa zima lilielewa kwamba zebaki haikai pale ulipoiweka.

Kuna watu wananunua cherehani za zamani wakisema zina zebaki nyekundu. Ni kweli?

Ni utapeli, na naomba mwambie kila fundi unayemjua. Uvumi huu uliwaka Saudi Arabia mwaka 2009: ilidaiwa kuwa cherehani za Singer zina zebaki nyekundu ya thamani kubwa, na kwamba ukisogeza simu karibu na sindano mtandao ukikatika, basi imo. Watu walilipa mapesa mengi kwa mashine kuukuu. Toka hapo uvumi unazunguka, mara ni cherehani, mara redio, mara televisheni ya zamani.

Hakuna metali inayoitwa zebaki nyekundu. Kilicho chekundu na chenye zebaki ni sinabari na michanganyiko michache ya maabara, na hakuna hata mmoja unaotiwa kwenye cherehani. Ndani ya mashine hiyo mna chuma na mafuta. Fundi mmoja wa hapa mjini aliambiwa atoe kwanza pesa ya mpimaji ndipo mnunuzi aje kutoka ng'ambo. Akatoa. Mnunuzi hajaonekana hadi leo, na ile pesa ilikuwa ya karo.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaitumiaje?

Vijana wetu wanaokwenda Migori au kuvuka kwenda Tanzania wanaijua. Unga wa jiwe lenye dhahabu huchanganywa na zebaki, nayo huinasa dhahabu ikawa donge jeupe. Donge huchomwa, zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki. Ni hatua ileile ya tanuri la sinabari, ila hapa mara nyingi huchomwa kwenye kikaango, wazi, mbele ya uso wa mchomaji, na wakati mwingine na mke na watoto wakiwa palepale. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa uchimbaji mdogo wa dhahabu unatoa karibu asilimia 38 ya zebaki yote inayotiwa hewani na binadamu.

Njia bora ni kuacha zebaki kabisa na kuchuja kwa uzito, kwa sinia na mbao za mteremko. Anayeendelea kuitumia basi achomee ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kukenekea, aipate zebaki yake tena. Na masonara nao: dhahabu mbichi ya machimboni huwa na mabaki ya zebaki. Unapoiyeyusha dukani, mlango uwe wazi, feni ipeleke hewa nje, na watoto wasiwepo.

Wale waliopinga kinu cha makaa ya mawe Lamu walitaja zebaki. Inahusiana vipi?

Makaa ya mawe yana zebaki kidogo, mara nyingi imeshikana na salfa ndani ya jiwe. Yakichomwa, hutokea kemia ileile niliyoeleza juu: salfa inaungua, zebaki inapaa. Tofauti ni kwamba kwenye mgodi wa zebaki mtu anaitaka, anaijengea mabomba ya kuipoza. Kinu cha umeme kinachoma mamilioni ya tani na zebaki yake hakuna anayeihitaji. Isipowekewa mitambo ya kuinasa inatoka na moshi. Kiasi katika kila tani ni kidogo, ila tani ni nyingi, na duniani kote makaa ya mawe ni chanzo cha pili baada ya dhahabu ya wachimbaji wadogo.

Kinu kilichokusudiwa Kwasasi kilikuwa cha megawati 1,050. Save Lamu, muungano wa vikundi vya wakazi, na wenzao walikwenda mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, na Juni 2019 leseni ikafutwa, hasa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mimi niliona haki imetendeka. Zebaki ya hewani hurudi na mvua, ikaingia baharini, na watu wa Lamu wanakula kutoka bahari hiyo.

Kwa hiyo tuache kula samaki?

Msiache. Ila mjue ni samaki gani. Zebaki ikifika majini, bakteria huigeuza kuwa aina inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka kwa shida. Samaki mdogo anayo kidogo. Mkubwa anakula wadogo wengi, na anayeishi miaka mingi anaikusanya maisha yake yote. Kwa hivyo papa na sulisuli ndio wenye nyingi, nguru mkubwa na jodari mkubwa wanafuata. Dagaa, vibua, tafi na changu wadogo wana kidogo.

Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wale hao wa pili, na papa wamwache, awe mbichi au mkavu. Kupika, kukausha na kutia chumvi havipunguzi kitu, maana zebaki imo ndani ya nyama yenyewe. Minamata, mji uliotoa jina la mkataba, ulikuwa wa wavuvi kama sisi. Kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki kwenye ghuba yao kuanzia 1932 hadi 1968, na ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956, waliougua walikuwa wamekula samaki tu.

Sabuni na krimu za kung'arisha ngozi?

Baadhi zina chumvi za zebaki, hasa zile zisizo na orodha ya viungo. Hupenya ngozi na kuharibu figo, na shuka na taulo unazolalia na mwanao hubeba mabaki. Tupa.

Kipimajoto kimevunjika. Nifanye nini sasa hivi?

Toa watoto na wanyama chumbani, fungua madirisha, zima feni, funga mlango wa ndani. Vua pete na bangili. Usifagie: ufagio unavunja tone moja likawa mia. Sukuma matone kwa kadi ngumu mpaka yaungane, yainue kwa karatasi, yaliyobaki yanase kwa gundi ya selotepu. Tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko, pamoja na karatasi na vioo. Usitumie chombo cha aluminiamu, zebaki inakitafuna. Usimwage chooni wala kwenye karo. Nguo zilizoguswa zisifuliwe na nyingine. Chumba kiachwe wazi kwa siku nzima au zaidi.

Mkeka uliomwagikiwa hausafishiki, utolewe nje.

Nimerithi chupa ya zebaki kutoka kwa mzee wangu. Naweza kuiuza?

Usiiuze, usiigawe, na usiifungue kuwaonyesha wageni. Mnunuzi wa mtaani ataipeleka machimboni, nako itachomwa. Hakikisha kizibo kimekaza, isimamishe ndani ya ndoo ya plastiki yenye mchanga, iandike kwa herufi kubwa "ZEBAKI – SUMU", na uihifadhi mahali pasipo jua na pasipofikiwa na mtoto. Usiisafirishe kwa basi wala kwa ndege. Kisha nenda ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ukaeleze una kiasi gani, waje waichukue wenyewe. Kama chupa ni ya kioo na imeshaanza ufa, usiinyanyue. Fungua madirisha, funga mlango, na waambie hivyo mapema ili waje na chombo chao.